Karatasi mfukoni: ninavyonunua gari mnadani Mwanza bila kupigwa bei

Gari la kwanza nililonunua mnadani lilikuwa Hilux dabo kebini, jeupe, injini ya dizeli ya 2KD. Nilikuwa na miezi minne tangu nistaafu udereva wa serikali, kiinua mgongo kipo benki kinaniwasha. Shemeji akanipigia simu: Jumamosi kuna mnada Nyakato, mali za mtu aliyeshindwa mkopo, njoo na hela. Nikaenda na milioni 10 kichwani. Nasema kichwani kwa sababu sikuiandika popote. Mbele yangu alisimama kijana mwenye kofia ya njano, kila nikitaja bei anaongeza laki mbili bila hata kugeuka kunitazama. Baada ya muda gari likatoka akilini, nikabaki na ile kofia tu. Nyundo ikagonga kwenye 13,200,000. Watu wakanipigia makofi, nami nikachekelea kama bwana harusi.

Fundi wangu alipolipokea gereji alilizunguka mara moja, akauliza, "Mzee, ulilala chini ukaliangalia?" Sikuwa nimelala chini. Miaka 22 ya udereva, nikanunua gari kwa kuangalia rangi. Nozeli nne zilikula 2,400,000. Kule nyuma palitandikwa zulia zito la mpira. Tulipolifunua tukakuta bati limekuwa kama chapati iliyosahaulika jikoni, na chasisi chini yake imeanza kuliwa. Mwenye gari alikuwa anabebea sangara wa barafu, na maji ya barafu yaliyochanganyika na ya samaki yalichuruzika pale miaka yote. Kuchomelea na bati jipya, 850,000. Tairi, 1,400,000. Makaratasi, bima na bredauni, 600,000. Jumla gari likanisimamia 18,450,000. Wiki ileile Hilux ya aina hiyohiyo, nzima kuliko yangu, ilikuwa inauzwa Igoma kwa 17,000,000 na mwenyewe anatafuta mteja.

Tangu siku hiyo nimenunua magari 11 mnadani, mengine yangu, mengine ya watoto, mengine ya majirani walionituma. Mimi si dalali na yadi sina. Ninachokijua ni hiki: bei unayolipa mnadani inapangwa nyumbani, mezani, siku mbili kabla. Ukifika uwanjani bila namba iliyoandikwa, namba utaandikiwa na wengine.

Mnada wa nani?

Kabla ya gari, jua anayeuza. Kwetu hapa minada ya magari ni ya aina tatu hivi. Kuna ya serikali, taasisi na miradi inayoondoa magari chakavu. Kuna ya wakopeshaji, yaani benki na kampuni za mikopo, wanaouza magari waliyoyakamata. Na kuna ya mahakama, ambapo dalali wa mahakama anauza mali ya aliyeshindwa kesi.

Gari la serikali limetunzwa na mtu asiyelimiliki, lakini mara nyingi historia yake ipo kwenye maandishi. Dereva wa serikali anajaza kitabu cha safari kila siku. Nimevijaza mimi mpaka kidole kikaota sugu. Gari la mkopo ni kinyume chake. Mwenyewe alilipenda, ila miezi ya mwisho, alipoona marejesho yanamshinda, aliacha hata kubadilisha oili. Akishajua linakuja kuchukuliwa, betri nzuri inabaki nyumbani na mbovu inapanda garini. Simlaumu, lakini hesabu zangu huwa zinalikumbuka hilo. Gari la mahakama ndilo linaloniogopesha, kwa sababu mwenye mali anaweza kurudi mahakamani kupinga, wewe ukabaki na gari lililosimama uani huku mawakili wanaongea. Nimenunua moja tu la namna hiyo, na kabla ya kulipa nilisoma amri ya mahakama ukurasa kwa ukurasa nikiwa na kijana mmoja anayesomea sheria.

Magari ya miradi ya wafadhili, yale ya namba za DFP, yana jambo lake. Mengi yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Muulize dalali swali moja, na jibu liwe la maandishi: bei hii ina kodi ndani yake au kodi ni juu ya mnunuzi? Jirani yangu hakuuliza. Nissan Patrol yake ilikaa chini ya mwembe mwaka mzima ikisubiri namba.

Soma tangazo mpaka mstari wa chini

Watu wanasoma aina ya gari na tarehe, basi. Masharti ndiyo yenye hela. Matangazo ya magari ya serikali huwa na maneno yanayofanana: gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, mshindi analipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25, salio ndani ya siku 14, akishindwa, anapoteza haki ya gari na amana hairudi. Baada ya kumaliza kulipa, unapewa siku chache za kuliondoa.

"Kama lilivyo" maana yake ukikuta injini haina pistoni, pole. "Mahali lilipo" maana yake kama lipo Sengerema na halitembei, bredauni ni ya kwako. Kwa upande huo mambo yamekuwa nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Zamani, gari bovu kutoka ng'ambo ya ziwa lilisubiri foleni ya kivuko na mwenye bredauni alihesabu hata saa za kusubiri. Siku hizi anadai kilomita tu. Hata hivyo patana naye kabla ya mnada. Ukishashinda gari anajua huna pa kukimbilia.

Minada ya watu binafsi ina masharti makali zaidi, mingine inataka salio siku ileile. Usiende na hela ya kuahidiwa. Ukisema "mjomba atanitumia Jumatatu" umeshaliwa amana.

Karatasi yenyewe

Hapa ndipo ninapotumia muda, kuliko hata kwenye gari. Nachukua karatasi ya daftari la mtoto. Juu kabisa naandika bei ya gari hilo mtaani likiwa zima, yaani bei ambayo hela inabadilisha mkono kweli. Bei za matangazo ya mtandaoni ni za kutamani. Muuzaji ameweka nafasi ya kupunguziwa. Naangalia matangazo matano, halafu naenda kwenye yadi mbili tatu barabara ya Nyerere, ile iendayo Musoma, nauliza kama mnunuzi. Kisha nawauliza madereva teksi wenye gari kama hilo: "Ukiuza leo jioni, unataka hela kesho asubuhi, utachukua ngapi?" Jibu la dereva teksi ndilo linaloingia kwenye karatasi.

Namba ya pili ni ya kuagiza. TRA wana ukurasa kwenye tovuti yao wa kukokotoa kodi ya magari yaliyotumika: unaweka aina, mwaka na ukubwa wa injini, unakupa jumla ya kodi. Humo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa uchakavu ambao kwa gari lililozidi miaka 10 unafika asilimia 30. Ndiyo maana utaona IST la mwaka 2004 linang'ang'ania bei wakati huko Japani hawalitaki hata bure: kuleta jingine la umri ule kunauma. Ukijua kuliagiza mpaka likanyage Mwanza kungekula kiasi gani, hutalipa karibu na hapo kwa gari lililokwisha pigika barabara za Magu.

Baada ya hapo ni kutoa. Nitakupa karatasi yangu ya Probox niliyomnunulia binti yangu, kama ilivyo.

Bei ya mtaani: 8,500,000. Natoa yanayoonekana: shokapu za mbele na bushi 280,000, tairi nne 520,000, betri 180,000, bampa na rangi 250,000, oili, filta na plagi 170,000. Hizo ni 1,400,000. Natoa makaratasi, bima ndogo na bredauni, 450,000. Natoa fungu la nisiyoyaona, asilimia 15 ya bei ya mtaani, yaani 1,275,000. Fungu hili watu hulionea uvivu, wanasema fundi ameshaangalia. Fundi ameangalia gari lililosimama! Hajalipandisha kilima cha Bugando. Mwisho natoa milioni moja ya kujisumbua. Kama mnadani nitapata kwa bei ya mtaani ukipunguza matengenezo tu, si heri ninunue mtaani, niliendeshe kwanza, nikae na muuzaji tunywe soda? Milioni hiyo ndiyo sababu ya kwenda kusimama juani.

Jumla ya kutoa ni 4,125,000. Kinachobaki ni 4,375,000. Hiyo ndiyo namba. Naizungushia duara, nakunja karatasi, natia mfuko wa shati.

Utasema hakuna atakayekuuzia Probox kwa hela hiyo. Mara nyingi ni kweli. Katika minada saba napata gari moja, na mara sita narudi nyumbani na daladala. Mke wangu alizoea kunicheka, siku hizi haniulizi hata.

Kulala chini

Siku za kukagua magari hutajwa kwenye tangazo, kwa kawaida siku moja au mbili kabla ya mnada. Nenda siku ya kwanza, asubuhi, kabla watu hawajaanza kuwasha injini. Injini baridi haijui kudanganya. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ni la moto saa tatu asubuhi, kuna mtu ameliamsha mapema ili likuwakie vizuri.

Ninachobeba ni tochi, sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, kipande cha khanga kuukuu, gunia la kulalia, na fundi. Fundi mlipe siku yake hata kama hutanunua. Ukimwambia "tukipata gari utakula", atataka upate gari.

Sumaku inapitishwa milangoni na juu ya matairi. Ikishika hapa na kuteleza pale, chini ya rangi kuna pati, ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea. Pati mlangoni ni ajali ndogo, naandika hela naendelea. Pati kwenye nguzo za milango au mikunjo kwenye mikono ya chasisi mbele ya injini, naondoka. Halafu lala chini. Hapa kwetu kando ya ziwa, pikapu yoyote, kirikuu, hata Noah, ichukulie kwamba imebeba samaki mpaka ithibitike haikubeba. Funua zulia la nyuma, chokonoa chasisi kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, gari limekwisha. Harufu nayo ni ushahidi: wakipulizia manukato mengi ndani, jiulize yanafukuza nini.

Jambo jingine la mji huu ni mafuriko. Mto Mirongo ukijaa, maeneo ya Mabatini magari huzama mpaka vitini, na yakikaushwa yanang'aa kuliko mwanzo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa, pale ambapo hakuna anayeosha. Ukikuta mstari wa tope, huo ndio urefu wa maji. Kisha inua zulia chini ya miguu ya dereva, pekenyua soketi za waya uangalie kutu ya kijani. Gari lililozama litawaka leo. Miezi mitatu baadaye taa zitaanza kucheza, na fundi umeme atakuwa mgeni wako wa kila wiki.

Kwenye injini sisemi mengi, fundi wako anajua: kifuniko cha oili kisiwe na utando kama maziwa ya mgando, rejeta isiwe na mafuta, moshi wa bluu usiwepo. Ninachoongeza ni majina. Noah na Voxy za injini ya D4, punguza namba yako au achana nazo. Spea zake na mafundi wake ni shida. Land Cruiser mkonga ya 1HZ, ile ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, isiyo na taabo (turbo), ni chuma cha kweli, na kwa sababu kila mtu anajua hivyo, mnadani bei yake huruka kupita akili. Nimeendesha tatu katika utumishi wangu. Sijawahi kupata hata moja mnadani, na nimekubali yaishe.

Angalia visivyokuwepo. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ipo? Masega ya egzosi, yale ya kusafisha moshi, yapo, au bomba limekatwa na kuungwa? Siku hizi masega yana soko, na gari lililolala uani miezi sita ni chakula. Jeki, tairi la akiba, redio. Halafu piga picha na video ya kila kitu ukitaja tarehe kwa sauti: namba ya betri, chapa ya tairi zote, dashibodi, chini ya boneti. Gari lina tabia ya kupungua uzito kati ya siku ya kukagua na siku ya kuchukua. Mara mbili nimeonyesha video, betri ikarudi mahali pake bila ugomvi.

Sasa siri yangu. Muuzaji akishakupa hotuba, toka nje, tafuta kivuli walipo madereva au mlinzi. Kwa taasisi, dereva aliyekabidhi gari huwa bado anafanya kazi palepale. Usimwendee na maswali ya polisi. Salimia vizuri, shikamoo kwa mkubwa, agiza chai na mihogo, kaa. Mimi huanza na, "Kaka, hili ulilisukuma muda gani?" Dereva hawezi kujizuia kusimulia gari lake. Mmoja pale Ilemela aliniambia, "Baba, lile ukifika Usagara gia ya tatu inaruka, ushike kwa mkono." Fundi hakuiona, kompyuta isingeiona, na tangazo lisingeisema. Chai ile na mihogo ilikuwa 2,500.

Makaratasi kabla ya nyundo

Namba ya chasisi kwenye chuma ifanane na kadi, herufi kwa herufi. Paguse kwa kidole. Palipokwanguliwa na kugongwa upya hapalingani na pengine.

Chukua namba ya gari, ingia kwenye tovuti ya polisi ya madeni ya trafiki, utaona faini zote ambazo hazijalipwa. Kosa moja ni 30,000. Niliwahi kukuta Mark II lina makosa 14, yaani 420,000, na muuzaji hajui au anajifanya hajui. Bima angalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima: itakuonyesha kama gari lina bima hai, na kama bima iliisha miaka miwili nyuma utajua lilisimama tangu lini. Deni la rodi laisensi la kila mwaka halitusumbui tena, tangu 2017 lilihamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Kwa gari la mkopo, ulizia kadi halisi iko wapi na nani atasaini uhamisho. Mkopeshaji anatakiwa akupe barua ya kuliachia gari. Dalali mwenyewe aonyeshe leseni yake. Mwenye leseni haoni taabu. Weka tayari TIN na kitambulisho cha NIDA, maana bila hivyo umiliki hauhami, na kwenye hesabu kumbuka ada ya uhamisho, kadi mpya na ushuru wa stempu unaokatwa kwa asilimia ya bei.

Siku yenyewe

Kula kwanza. Nasema kweli. Mnada umetangazwa saa nne, utaanza saa sita, na gari lako litafika saa nane jua likiwa utosini. Mtu mwenye njaa anataka yaishe, na njia ya haraka ya kuyamaliza ni kutaja bei kubwa.

Nasimama nyuma, pembeni, ambapo nawaona wote wanaoinua mkono. Magari mawili matatu ya mwanzo siyagusi hata kama nayataka, naangalia watu. Kuna wanunuzi wa kweli, utawajua wana fundi na wana karatasi. Kuna wauza spea, hao wana bei yao ya chuma na hawapandi hata mia. Wakiacha wote kwa pamoja, jua thamani ya gari likiwa vipande imeishia hapo. Na kuna wale wanaotaja bei kwa kila gari na hawashindi lolote. Mtu wa hivyo hanunui, anasukuma. Kofia ya njano, nilikuja kugundua baadaye, hakununua kitu siku ile. Mnada uliofuata nilimkuta tena na kofia yake.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa hairuhusu muuzaji kuweka mtu wake wa kupandisha bei kimyakimya. Haki hiyo ni lazima itangazwe. Sheria hiyohiyo inasema mauzo yanakamilika nyundo ikigonga, na kabla ya hapo unaweza kuliondoa dau lako. Sijaona mtu akifanya hivyo Mwanza, watamzomea, lakini ni haki yako. Kuthibitisha kwamba fulani ni chambo ni kazi ngumu. Mimi sijisumbui kubishana naye, karatasi inanitosha.

Usifungue bei. Dalali ataanza, "Nani ananipa milioni sita?" Kimya. "Tano?" Kimya. Atashuka mpaka pale mtu mmoja atakapochoka. Ingia watu wakishapungua. Taja bei nzima kwa sauti iliyotulia, "milioni nne na laki moja", usiseme tu "ongeza". Dalali mjanja akisikia "ongeza" atachagua yeye kiasi. Akikuambia panda kwa laki mbili, jibu elfu hamsini. Anaweza kukataa, lakini mara nyingi anakubali kwa sababu naye anataka kumaliza.

Na namba yako isiwe ya mviringo. Watu wengi wanakuja na milioni nne au nne na nusu, wanaishia hapo. Ndiyo maana sijawahi kuizungusha ile 4,375,000 ikawa 4,500,000. Jamaa mwenye 4,300,000 atasimama, nawe bado una hatua moja. Mwenye 4,500,000 mwache achukue, gari ni lake.

Kuna wakati dalali hagongi nyundo, anasema bei haijafika, muuzaji atawasiliana. Acha namba ya simu, nenda nyumbani. Wakipiga kesho yake wakitaka uongeze, soma karatasi. Probox nililipata hivyohivyo: siku ya mnada niliishia 4,350,000, wakasema haitoshi, siku ya tisa wakapiga wanataka 4,700,000. Nikawaambia nina 4,375,000, tena siku hiyohiyo. Kimya cha siku mbili, kisha simu.

Nenda na mtu mmoja asiyependa magari. Mimi huenda na mpwa wangu, anasomea uhasibu. Kazi yake ni kunishika kiwiko nikipita namba. Aliwahi kunivuta mpaka kifungo cha shati kikang'oka, kwa ajili ya RAV4 moja ya bluu ambayo mpaka leo nikipishana nayo Nyegezi naiangalia.

Ukishinda

Lipa kwa namba ya malipo au akaunti iliyoandikwa kwenye tangazo, kamwe si kwenye simu ya kijana aliyekuambia "nitumie mimi nitakufanyia fasta". Dai risiti na hati ya mauzo yenye namba ya chasisi. Kata bima kabla gari halijatoka getini. Liondoe ndani ya siku ulizopewa, baada ya hapo wataanza kukuhesabia maegesho. Na kama halijawaka muda mrefu, usiliwashe palepale kwa kuwaonyesha watu. Livute mpaka gereji, mwaga oili na mafuta ya zamani, badilisha mkanda, ndipo uwashe.

Kwenye ile Probox, fungu la nisiyoyaona lilitumika: alternata na pampu ya maji, 390,000. Binti analitumia kupeleka dagaa kutoka mwaloni wa Kirumba mpaka Kisesa na Magu. Nimemtandikia turubai nzito nyuma, na kila Jumapili nalifunua nachungulia bati. Mkataba wetu ni dagaa wakavu tu. Sato wa barafu wapande gari la watu wengine.